Pointi za Mama Pointi

Kinyozi ni mtu wa ajabu. Kutwa nzima hunyoa vichwa vya watu, vyenye nywele ngumu na vyenye vipara vilivyobakiza nywele masikioni tu, na kila anayeinuka kitini huondoka anang'aa. Lakini kisogo chake mwenyewe hakioni. Akitaka kupendeza, hana budi kuketi kwenye kiti kile kile na kumkabidhi mwenzake wembe. Akiona haya kufanya hivyo, akashika wembe mwenyewe na kujitia ujuzi, damu ndiyo itakayompa habari. Wahenga walipoliona hilo walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Wengi huidhani methali hiyo ni ya watu wa mikasi na vioo. La hasha! Siku moja iliwafika hata mawakili wa serikali.

Katika ofisi kuu ya mawakili hao palikuwa na mwanamke ambaye jina lake la kwenye vyeti lilikuwa limesahauliwa na karibu kila mtu. Aliitwa Mama Pointi. Jina hilo alilipata kwa kazi yake. Sheria ilimtaka kila wakili aendelee kusoma hata baada ya kuhitimu: leo ahudhurie mada ya mikataba, mwezi ujao mada ya ushahidi, na kila mada ilikuwa na pointi zake. Asiyefikisha pointi za mwaka hakupewa leseni, na asiye na leseni hakuruhusiwa kufungua kinywa mahakamani. Mawakili wa serikali walikuwa wamesamehewa jambo hilo kwa miaka mingi, wakawa wanawacheka wenzao wa kujitegemea mitaani. Kisha sheria ikabadilishwa, kicheko kikahama. Mama Pointi, ambaye naye alikuwa wakili hodari wa kesi za ardhi, akateuliwa kuwa mratibu wa mafunzo.

Kabla yake mambo yalikuwa shaghalabaghala. Wakili alifika ukumbini, akatia sahihi, akanywa chai, akayeyuka. Mwingine alitia sahihi yake na za rafiki zake wote, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Iliwahi hata kuonekana kwamba bwana mmoja alihudhuria mada ya maadili ilhali siku hiyo alikuwa amelazwa hospitali, mguu umetundikwa juu. Mama Pointi alikasirika. Aliketi akaandika kanuni mpya, na katika hizo, mbili ndizo zilizokuwa roho ya zote. Ya kwanza ilisema kwamba pointi za wakili yeyote wa ofisi ile zitathibitishwa na mratibu peke yake. Ya pili ikasema kwamba hakuna wakili atakayejithibitishia pointi zake mwenyewe.

"Hapa hata panya hapenyi!" Mkurugenzi wa ofisi alisema akicheka, akatia sahihi.

Mawakili wote walizisoma kanuni hizo. Ni watu wanaokula mkate wao kwa kutafuta matundu katika maandishi ya wengine, lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza mratibu mwenyewe atathibitishwa na nani. Wala Mama Pointi hakujiuliza.

Ukumbi wa mafunzo ulikuwa ghorofa ya tatu, mwisho wa ngazi, na lifti ilifanya kazi siku ilipojisikia tu. Ulikuwa na viti vya plastiki, kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo, na mlango mmoja tu. Mlangoni hapo Mama Pointi aliweka meza yake. Kila aliyetoka aliulizwa swali moja kuhusu mada iliyotolewa. Akijibu, alipata pointi. Asipojibu, hakukuwa na cha msalie mtume. Alirudia mwezi uliofuata. Kuna mawakili waliowahi kubishana na majaji bila kupepesa jicho, lakini mbele ya meza ile walimeza mate.

Siku moja alifika mezani mzee wa ofisi, aliyekula chumvi nyingi katika kazi ya rufaa hata akabandikwa jina la Babu Rufaa. Alikuwa akipangusa macho.

"Babu, mtoa mada amesema muda wa kukata rufaa huanza kuhesabiwa lini?"

Babu Rufaa akakuna kidevu. "Amesema... amesema vizuri tu, mwanangu."

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Hakuna pointi, Babu. Utarudia."

"Jamani! Rufaa nimezikata tangu hujazaliwa. Nilisinzia kidogo tu, kiyoyozi chenyewe kinabembeleza."

"Kiyoyozi hakitoi pointi."

"Haya bwana. Na wewe ukitoka humu, nani anakuuliza swali?"

"Mimi ndiye mlango, Babu. Mlango hauulizwi."

Watu wakacheka tena, Babu Rufaa naye akacheka, akashuka ngazi. Mwezi uliofuata alirudi, akakaa kiti cha mbele, akajibu, akapata pointi zake.

Wakati huo Mama Pointi alikuwa na kesi moja iliyokaa moyoni mwake kuliko zote. Hospitali ya umma ya akina mama ilikuwa na kiwanja nyuma yake, mahali palipotengwa kwa ajili ya wodi mpya ya wazazi. Kampuni moja ya majengo ilijitokeza na hati ikidai kwamba kiwanja kile kiliuzwa zamani na sasa ni chake. Kesi ikavutana mwaka baada ya mwaka, na muda wote huo wajawazito walilala wawili wawili kitandani, wengine sakafuni. Jalada lilikuwa limenenepa hata likafungwa kwa kamba. Babu Rufaa alikuwa wakili wa pili katika kesi hiyo, lakini aliyesema siku zote alikuwa Mama Pointi.

Shahidi wake mkuu alikuwa mkunga mkuu wa hospitali ile, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Hoja za mwisho zilipopangiwa tarehe, mkunga alimfuata Mama Pointi ofisini.

"Dada, mimi sheria siijui," alisema. "Nakujua wewe. Nasikia siku hizi mawakili wanabadilishwa badilishwa. Usije ukatuletea mtu mwingine siku hiyo."

"Nitasimama mimi mwenyewe," Mama Pointi alimjibu, akamshika mkono. "Nakuahidi."

Ahadi hiyo aliitoa kwa moyo mweupe. Alitaka kuimaliza kesi ile kwa kinywa chake mwenyewe kuliko alivyotaka cheo chochote.

Wiki chache baadaye leseni za mwaka mpya, za kwanza tangu kanuni zile ziandikwe, zilifika kutoka Baraza la Mawakili, ndani ya bahasha moja kubwa. Mama Pointi alizigawa meza kwa meza kwa mbwembwe, akimtania huyu na yule, hadi bahasha ikabaki tupu. Leseni yake haikuwemo. Akadhani ni kosa la kibinadamu, akachukua mkoba wake, akaenda kwenye ofisi za Baraza.

Karani wa dirishani alitazama kompyuta yake. "Wewe huna pointi hata moja, mama."

"Sina pointi! Mafunzo yote niliyaandaa mimi!"

"Sikatai. Lakini nani amekuthibitishia?"

"Mratibu ni mimi."

"Kanuni za ofisi yenu zinasema wakili hajithibitishii mwenyewe."

"Nazijua zinavyosema! Niliziandika mimi!"

"Basi afadhali," karani akasema kwa upole, "sina haja ya kukueleza."

Mama Pointi alitoka, akaketi kwenye benchi la koridoni. Hapo ndipo macho yalipomtoka pima. Akijithibitishia, atavunja kanuni ya pili. Akithibitishiwa na mwingine, atavunja ya kwanza. Alikuwa amejenga nyumba imara, akaweka mlango mmoja, akajisahau nje. Na tarehe ya hoja za mwisho ilikuwa imekaribia.

Aliporudi ofisini alimkuta Babu Rufaa akimsubiri. Mzee alikuwa ameona bahasha ilivyoishia, akakisia yaliyobaki.

"Mwanangu, hili ni jambo dogo," alisema. "Nenda kwa Mkurugenzi, mwambie kanuni ina tundu. Aongeze kifungu kimoja, kwamba mratibu atathibitishwa na mtu mwingine. Mimi nitakaa nikuulize maswali ya kila mada. Ulizozijua nitazitilia sahihi, ambazo hukuzijua utazisoma. Tutamaliza kabla ya kesi."

Lilikuwa shauri jema, na Mama Pointi alilijua kuwa jema. Lakini kichwani mwake alikwisha kusikia vicheko vya koridoni: Mama Pointi kakosa pointi! Akajiona amesimama mbele ya Mkurugenzi, akieleza kwamba yeye, aliyewazibia wote matundu, ametumbukia katika tundu lake. Haya ikamgeukia kuwa hasira.

"Wewe uniulize mimi maswali, Babu? Wewe uliyekuwa ukikoroma?"

Maneno hayo yalimchoma Babu Rufaa. "Sawa, mwanangu," alisema, akaenda zake.

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu. Jioni hiyo alikuwa amefungua mota juu ya meza ya jikoni, watoto wamemzunguka, na mkewe akamsimulia yote huku akimenya viazi.

"Mama watoto," mume alisema, "mimi nikikwama, namwita fundi mwenzangu. Sijawahi kufa kwa aibu. Kwa umeme, nusura."

"Ufundi na sheria ni vitu viwili."

"Haya. Mimi simo." Akarudi kwenye mota yake.

Asubuhi yake Mama Pointi alifunga mlango wa ofisi. Akachukua fomu ya Baraza, akaziandika mada zote za mwaka, na mbele ya kila mada akajiandikia pointi, na chini kabisa, palipoandikwa mratibu, akatia sahihi yake. Alikwisha kujihukumu na kujiachilia huru. Alijiambia kwamba si uongo. Nani aliyefika ukumbini mapema kuliko yeye? Nani aliyeondoka wa mwisho? Ni kweli alikuwepo kila siku. Ila wakati wa mada ya ushahidi alikuwa akitafuta waya wa kipaza sauti. Wakati wa mada ya mikataba alikuwa ngazini akigombana na wenye chai kwa sababu vikombe vimepungua. Mwaka mzima hakuna kiti kilichomwona. Jambo hilo hakutaka kuliangalia kwa karibu.

Kule Barazani fomu hiyo ilipokewa na karani mwingine. Huyo aliona sahihi ya mratibu mahali pa sahihi ya mratibu, akagonga muhuri. Leseni ikatoka. Mama Pointi akashusha pumzi.

Siku ya hoja za mwisho chumba cha mahakama kilijaa. Mkunga mkuu alikuja na wauguzi wake, wakakaa safu ya pili wakiwa na sare zao nyeupe. Mama Pointi alisimama, akarekebisha joho, akafungua jalada. Kabla hajatoa neno, wakili wa kampuni akainuka. Bwana huyo aliitwa Msumari, kwa kuwa alipogonga mahali hakung'oka. Miezi michache nyuma alikuwa wakili wa serikali katika ofisi ile ile, na alirudishwa mlangoni kwa Mama Pointi zaidi ya mara moja kabla ya kuacha kazi. Kanuni zile alizijua kwa moyo.

"Mheshimiwa Jaji, nina pingamizi," alisema. "Nasikitika, maana msomi mwenzangu namheshimu. Nilikwenda Barazani kuangalia leseni yake, kama tunavyofanya kabla ya hoja za mwisho. Pointi zake zimethibitishwa na yeye mwenyewe. Kanuni za ofisi yake zinakataza hilo waziwazi. Naomba kuisoma kanuni yenyewe." Akaisoma polepole. "Na aliyeiandika, Mheshimiwa, ni yeye."

Wauguzi walitazamana bila kuelewa. Mama Pointi alihisi joho limekuwa zito, lakini akajikaza kisabuni.

"Mheshimiwa Jaji, mafunzo hayo nilihudhuria yote. Mada ya mapingamizi uliitoa wewe mwenyewe. Uliniona."

Jaji akavua miwani. "Ni kweli nilikuona, wakili. Lakini jaji hawi shahidi katika shauri analolisikiliza, na hilo unalijua. Hata kama ningekuwa, usingependa niseme nilikuona ukifanya nini. Nilipoanza ulikuwa chini ya meza na waya mkononi. Nilipomaliza ulikuwa bado."

Kicheko kidogo kilipita chumbani. Mama Pointi hakucheka. Uso ulimshuka, na machozi yakamlenga mbele ya watu aliozoea kuwatisha.

Uamuzi wa Jaji ulikuwa mfupi. Alisema mahakama haioni nia ya wizi hapo, lakini uthibitisho wa mtu kwa nafsi yake si uthibitisho. Leseni iliyojengwa juu yake haina miguu, na wakili hawezi kusikilizwa. Babu Rufaa akainuka, akaomba kwa niaba ya Serikali kesi iahirishwe. Jaji akakataa, kwa kuwa shauri lile lilikwisha kuchoka. Hoja zingesikilizwa alasiri ile ile, zikitolewa na wakili yeyote mwenye leseni, la sivyo upande wa Serikali ungepoteza nafasi ya kusema.

Koridoni mkunga mkuu alimtazama Mama Pointi kuanzia juu hadi chini, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi. Mama Pointi akampita, akamwendea Babu Rufaa aliyekuwa ameketi kwenye benchi.

"Babu, nilikukosea," alisema. "Nilikuvunjia heshima kwa sababu niliogopa kuchekwa. Sasa nimechekwa. Naomba usimame badala yangu."

Babu Rufaa alimtazama. Angeweza kumkumbusha mengi, na moyoni mwake alitamani walau moja. Akasogea, akampisha nafasi kwenye benchi.

"Kaa. Una hoja ngapi humo?"

"Nyingi. Zote nimezipanga."

"Mimi mzee, nyingi sitazimudu. Ukiambiwa ubaki na moja tu, utabaki na ipi?"

Mama Pointi akafungua jalada, akalifunga, akalifungua tena. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Hatimaye akasema kwamba aliyedai kuiuzia kampuni kiwanja hakuwahi kuwa mmiliki wake, wala hati ya kampuni haikuwahi kuonyesha yeye alikipata kwa nani. Mengine yote yalikuwa mapambo. Babu Rufaa akamuuliza swali juu ya swali, akimbana kila alipoteleza, naye akajibu yote kwa unyenyekevu.

Alasiri Babu Rufaa alisimama akasema hoja hiyo moja. Aliisema taratibu, kwa maneno ambayo hata wauguzi waliyaelewa. Msumari alijaribu kugonga huku na huku, lakini hapakuwa na ufa wa kuingilia. Mama Pointi alisikiliza akiwa safu ya nyuma kabisa, miongoni mwa watazamaji. Ilimuuma kusikia kazi yake ikitoka kwenye kinywa cha mwingine. Ilimuuma zaidi kukiri kwamba ilitoka vizuri.

Hukumu iliposomwa majuma kadhaa baadaye, hospitali ilishinda. Wauguzi walipiga vigelegele hata karani akawakemea. Mama Pointi alikuwa akielekea mlangoni kimya kimya, mkunga mkuu akamdaka mkono.

"Uliniahidi utasimama wewe," mkunga alisema.

"Sikusimama, dada. Nisamehe."

"Nilikukasirikia sana siku ile, sikufichi. Halafu nikafika kazini nikajicheka. Mimi nimezalisha nusu ya mji huu. Wanangu wote nimezalishwa na wenzangu, tena nilipiga kelele kuliko wateja. Mkunga hajizalishi, dada. Wewe ulidhani wakili ni nani?"

Mama Pointi alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Alipewa barua ya onyo na kuvuliwa uratibu, na Mkurugenzi akaongeza katika kanuni kile kifungu kidogo ambacho kingeweza kuongezwa mapema. Katika hukumu ya kesi aliyoilea kwa miaka, wakili aliyeandikwa kwamba alisimama kwa niaba ya Serikali ni Babu Rufaa. Yeye alitajwa mahali pamoja tu, pale Jaji alipoeleza habari ya wakili aliyejithibitishia mwenyewe.

Aya hiyo ilipata umaarufu kuliko hukumu yenyewe. Haukupita muda ikawa mada ya mafunzo, na mtoa mada akawa Msumari. Siku hiyo Mama Pointi alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akachagua kiti katikati ya wenzake, akaketi. Msumari aliisoma aya neno kwa neno, akaeleza kosa lilipoanzia na lilivyokua, bila kumtazama usoni. Mama Pointi alisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho, akaandika yote daftarini. Mada ilikuwa na pointi mbili, akazipata. Ndizo zilizokuwa pointi zake za kwanza za halali.

Ama kweli, kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata.